Picha iliyofichwa ndani ya msimbo: kivinjari au teminali?

Mteja wa Birere, hapa Goma, aliniletea faili la HTML (msimbo wa ukurasa wa wavuti), picha za duka lake zote zimegeuzwa maandishi ya base64, yaani njia ya kuandika faili kwa herufi tu. Za awali zilipotea na simu.

Kurudisha picha moja, kivinjari kinatosha: nakili kuanzia "data:image", bandika penye anwani, hifadhi. Hakili hata mega moja ya intaneti.

Lakini picha arobaini? Vidole vitakufa ganzi. Hapo ni teminali, dirisha la kuandikia kompyuta amri, kwa amri ya base64 -d, ila kwanza ukate kila kitu cha mwanzo hadi alama ya mkato (,), nayo pia, la sivyo itagoma. Aina ya faili usibahatishe: maandishi yanayobaki yakianza na iVBOR ni PNG, yakianza na /9j/ ni JPEG. Picha itatoka nyepesi kuliko maandishi yake kwa robo hivi, kwani herufi 4 hubeba baiti 3 tu.