Vitambaa vilivyokatwa tayari: vinafaa kwa kwilti ya jamii mbili?

Vikundi vinavyotaka watu wa jamii mbili washone pamoja kwilti moja, yaani mfarishi wa viraka, hupenda kuanza na pakiti za vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Zinazojulikana zaidi ni tatu: Charm Pack yenye miraba ya inchi 5, Layer Cake ya inchi 10, na Jelly Roll, ambayo ni tepe za inchi 2½ zilizoviringishwa. Miraba kwa kawaida huwa 42, tepe kama 40, lakini soma pakiti kwanza.

Charm Pack ndiyo inayonunuliwa haraka na ndiyo inayosumbua zaidi. Mraba wa inchi 5 ukishonwa hubaki 4½, kwa kuwa kila upande hupoteza robo inchi ya mshono. Pakiti 4 hutoa vipande 168: safu 14 za vipande 12, kwilti ya inchi 54 kwa 63, bila kubaki hata kimoja. Kwa hiyo hakuna cha kuharibu. Chukua ya tano.

Halafu kuna mikono mingi. Anayeshona mshono unaozidi robo inchi kwa sehemu moja tu ya 16 ya inchi hula moja ya 8 kila anapounganisha vipande viwili. Safu ya vipande 12 ina miungo 11, basi safu yake itakuwa fupi kwa inchi 1 na zaidi ya theluthi, na haitakubali kukaa na ya jirani. Kuivuta ili ifike ni kutengeneza mawimbi. Bandika utepe kwenye kila cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kisha kila mtu ashone vipande vitatu vya majaribio: vikipimwa pamoja viwe inchi 14 kamili, kutoka ukingo hadi ukingo.

Angalia pia kingo za menomeno. Kuna zinazopimwa kwenye ncha ya jino, nyingine kwenye bonde lake, na pakiti haisemi kila mara. Usifue vipande hivi kabla ya kushona. Vitachomoka nyuzi na kusinyaa visivyolingana.

Lakini hayo yote yanarekebishika. Kasoro kubwa ni kwamba maua na rangi za pakiti zimechaguliwa na mbunifu mmoja, zikalinganishwa dukani. Jamii mbili zikishona pakiti hiyo zimemaliza kazi ya mtu wa tatu. Kwilti ya kumbukumbu ya UKIMWI iliyoanza Marekani mwaka 1987 ilifanya kinyume: kipimo kilifungwa, kila kipande futi 3 kwa 6, na kitambaa kikaachwa huru. Ndiyo maana jinzi, nguo za marehemu na herufi za kukatwa viliweza kukaa pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza Layer Cake ya rangi moja isiyo na maua, itumike kama msingi. Kila mtu apewe mraba mmoja na atarizi au abandike kitambaa cha kwao juu yake, akiacha inchi 1 tupu pembeni. Mishono mingi ya mkono, kama kantha ya Bengali au sashiko ya Japani, huvuta kitambaa na mraba hupungua. Ukimaliza, piga pasi na upunguze wote hadi inchi 9½. Hapo makosa hukatwa badala ya kushonewa ndani.

Vitambaa vya kuletwa, tofauti na vya pakiti, vifuliwe kwanza, vyekundu na vya buluu iliyokolea peke yao. Hariri inayoteleza ibandikwe kwa pasi kitambaa chepesi cha gundi upande wa nyuma. Maandishi ya dini yaulizwe mapema: wengi hawatakubali yakaliwe wala kulaliwa. Ikibidi, kwilti itundikwe ukutani, na nyuma ishonewe mfuko wa inchi 4 wa kupitishia fimbo.

Kuna jadi ambazo pakiti hazizifai kabisa. Wasiddi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, huanzia ukingoni na kushona kuelekea katikati, kiraka baada ya kiraka, bila vipimo sawa. Ukimpa mshonaji wa hivyo mraba na rula, umemnyima ufundi wake. Mwachie yeye ukingo wote.

Jelly Roll tungeinunua kwa pindo tu, kwa kuwa inchi 2½ ndiyo upana unaotakiwa. Kwilti ya 54 kwa 63 inahitaji inchi 234 za mzunguko na kama 10 za kukunja pembe na kufungia. Tepe 7 zinatosha. Bitana iwe na ziada ya inchi 4 kila upande, na tabaka zote tatu (uso wa viraka, ujazo wa katikati na bitana) zipigwe bandi kuanzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa hujikusanya katikati, na hilo huonekana wakati ujazo umeshashonwa nusu.