Shujaaz: Jarida Lililojua Kijana Anaposimama

Jarida la Shujaaz halikuwahi kumngoja kijana aende dukani kulitafuta. Lilipoanza kuchapishwa nchini Kenya mwezi wa Februari 2010, liliwekwa mahali pawili ambapo kijana wa mjini na wa kijijini alifika bila kukusudia kusoma chochote: ndani ya gazeti la Daily Nation, ambalo kinyozi, mwenye hoteli au baba mwenye nyumba alikuwa amekwisha kulinunua, na katika vibanda vya mawakala wa M-Pesa, ambako watu hupanga foleni kutuma na kutoa fedha. Lilitolewa bure. Nimeanza na usambazaji kabla ya kutaja hadithi, michoro au lugha kwa sababu wanaotathmini majarida aghalabu huupita upesi, ilhali ndio ulionishawishi kwamba waliolitunga jarida hili walimfahamu msomaji wao kwa kina. Kijana asiye na kipato hana bajeti ya majarida, lakini anayo dakika kumi za kusubiri zamu yake kibandani, na dakika hizo ndizo zilizolengwa.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Mombasa, nami nimehifadhi matoleo kadhaa ya miaka ya mwanzo, mengine yakiwa yamelegea kurasa kwa kupita mikono mingi. Tathmini hii inahusu matoleo hayo ya karatasi, ambayo ndiyo niliyoyasoma kwa makini na kuyatumia darasani. Kazi ambazo waanzilishi wake, kampuni ya Well Told Story, walizitoa baadaye kupitia simu na mitandao ya kijamii zinastahili mhakiki mwingine.

Shujaaz ni jarida la hadithi za katuni, na mhimili wake ni kijana aitwaye Boyie. Ana umri wa miaka 19, amemaliza shule ya sekondari, hana kazi, na bado anaishi kwa mama yake. Kwa mikono yake mwenyewe ameunda mtambo wa redio chumbani, akawa anayateka mawimbi ya FM na kuzungumza na vijana wenzake kwa jina la DJ B, huku mama na majirani wakiwa hawajui kwamba sauti wanayoisikia redioni ni ya kijana yule yule wanayemwona kila siku akizurura bila shughuli. Kipindi cha DJ B kilirushwa kweli katika vituo vya redio nchini, hivyo kwamba msomaji aliyemjua Boyie kwenye karatasi aliweza kumsikiliza hewani, akabaki na siri ambayo watu wazima ndani ya hadithi hawakuwa nayo. Sijui njia bora zaidi ya kumfanya kijana ajihisi kuwa jarida ni lake kuliko kumkabidhi siri.

Ubunifu wa mhusika huyu unaonekana vyema zaidi tukiuweka kando ya jarida la aina nyingine kabisa. Parents, lililoanzishwa na Eunice Mathu mwaka 1986, limeandikwa kwa Kiingereza, linauzwa, na jalada lake limezoeleka kwa picha ya mume na mke, pengine na watoto wao, wakiwa wamevaa vizuri na nyuso zao zikichangamka. Mnunuzi wake ni mtu mwenye mshahara, aliyeoa au kuolewa au anayefikiria ndoa, na jalada lile linamwonyesha nyumba anayotamani iwe yake. Hiyo ni njia ya heshima na imelidumisha jarida hilo kwa miongo kadhaa. Lakini njia hiyo ingemkimbiza kijana wa Shujaaz, kwa kuwa taswira ya mafanikio inayowekwa mbele ya mtu asiye na nauli humkumbusha tu umbali uliopo. Boyie anaanza pale msomaji alipo, katika nyumba ya mama na mfuko mtupu, na kitu pekee alichozidiwa nacho msomaji ni kwamba Boyie ameshapata namna ya kusikika. Kwa nchi ambayo sensa ya 2019 ilionyesha kuwa takriban robo tatu ya watu wake milioni 47.6 hawajafikisha miaka 35, mhusika wa aina hiyo ana wasomaji wengi sana wanaomfanana.

Lugha ndiyo iliyonipa shida, na ninaomba nafasi ya kuieleza kwa urefu kwa sababu ni kazi yangu. Hata jina lenyewe linamsimamisha mwalimu wa Kiswahili. Wingi wa shujaa ni mashujaa. Herufi z iliyobandikwa mwishoni ni mtindo wa Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nililikasirikia. Baadaye nilitambua kwamba herufi ile moja ilikuwa inafanya kazi ya jalada zima, kwa maana inamweleza kijana kwamba ameitwa yeye, na inamweleza mtu wa umri wangu kwamba hakuitwa, ingawa hakukatazwa kuingia. Katuni za Kiswahili zilizotangulia hazikuchagua hivyo. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, alizungumza Kiswahili ambacho babu na mjukuu wangeweza kukisoma pamoja, kwa sababu gazeti lilikuwa la nyumba nzima. Shujaaz haikutaka nyumba nzima. Ilimtaka mtu mmoja ndani ya nyumba, yule ambaye magazeti mengi humtaja tu anapofanya kosa, na ikakubali kupoteza wengine ili impate huyo.

Hata hivyo, uamuzi huo una gharama ambayo naiona kila mwaka. Niligawa matoleo manne kwa wanafunzi wa kidato cha pili, wengi wao wakiwa wamezaliwa na kukulia Kisauni na Likoni, nikawaacha wasome bila maswali wala zoezi. Michoro iliwavuta mara moja, kwani ina rangi nzito, nyuso zenye hisia, na mandhari ya mitaa inayotambulika hadi kwenye nyaya za umeme na mabati yaliyoshika kutu. Kwenye viputo vya maneno ndipo mwendo ulipopungua. Neno kama keja, yaani chumba au nyumba ya mtu, walilijua kutokana na muziki, lakini sentensi nzima za Sheng ya Nairobi ziliwataka wakisie, na msichana mmoja aliniuliza kwa upole kama jarida hili limeandikwa kwa ajili ya watu wa bara. Swali lake lilikuwa la haki. Kijana wa Mombasa ana namna yake ya kusema, yenye methali za nyumbani na mzaha wa baraza, na anapokuta kwamba lugha inayoitwa ya vijana wa Kenya ni ya jiji moja, anajiona mgeni katika sherehe aliyoambiwa kuwa ni yake. Wahariri wanaolenga hadhira kwa lugha ya mtaa hawana budi kukubali kwamba kila mtaa una lugha yake.

Upande wa maudhui, Shujaaz ina mafanikio makubwa na udhaifu mmoja unaojirudia. Fedha zake zilitoka kwa sehemu kubwa kwa mashirika ya maendeleo, na kwa hiyo hadithi zilibeba maarifa ya kilimo, afya, biashara ndogo ndogo na uraia. Pale maarifa yalipogeuzwa kuwa tukio, jarida lilikuwa zuri mno. Mfano ninaoutumia darasani ni wa vifaranga waliopakwa rangi kali. Mwewe hunyakua vifaranga kwa sababu anawatambua kutoka juu kuwa ni chakula. Kifaranga aliyepakwa rangi ya waridi au zambarau hafanani na chakula anachokijua, naye huachwa. Wazo hili halihitaji mtaji wa maana, linachorwa kwa uzuri, lina kichekesho ndani yake, na kijana anayelisoma leo anaweza kulijaribu kesho asubuhi nyuma ya nyumba. Wanafunzi wangu walibishana juu yake kwa kipindi kizima, mmoja akidai kwamba mwewe wa pwani wangezoea upesi, na mabishano hayo ni ushahidi tosha kwamba ujumbe ulipokewa kama jambo la maisha.

Udhaifu hujitokeza pale mfadhili anapoonekana nyuma ya pazia. Katika baadhi ya hadithi, mhusika aliyekuwa akizungumza kama mtu wa mtaani hubadilika ghafla katika ukurasa wa mwisho akaanza kuhutubia, sentensi zake zikinyooka na kujaa maelezo, na msomaji mwenye umri wa miaka 17 huyatambua mabadiliko hayo haraka kuliko mtu mzima, kwa kuwa amehutubiwa maisha yake yote. Niliwaona wanafunzi wakifungua kurasa za nyuma, wakazitazama, kisha wakarudi mwanzoni. Hadithi iliyomwamini msomaji kurasa zote za kwanza ingeweza kumwamini na ukurasa mmoja zaidi.

Kwa jambo hilo hilo la kuaminiana na hadhira, filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, inafaa kusomwa sambamba na Shujaaz, kwa maana Mwas wa filamu ile ni jamaa wa karibu wa Boyie. Anatoka kijijini, ambako anauza filamu za kigeni kwa kuwaigizia wateja vituko vilivyomo, na anaingia Nairobi akiwa na ndoto ya kuwa mwigizaji. Anaibiwa siku ile ile ya kufika, anatiwa ndani, na baada ya hapo anajikuta na mguu mmoja katika genge la wezi na mwingine katika jukwaa la maigizo. Wahusika wanazungumza Kikuyu, Kiswahili na Sheng kama wanavyozungumza watu wa jiji hilo, wakibadili lugha kulingana na nani anasikiliza, na hakuna anayegeuka kuihubiria kamera. Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika Tamasha la Filamu la Kimataifa la Durban, nayo Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, ikiwa ni mara yake ya kwanza kuwasilisha filamu.

Hata hivyo, filamu hiyo iliyomwelewa kijana kwa ukweli mkubwa namna ile haikuwa na kibanda cha M-Pesa. Ilionyeshwa katika kumbi za sinema, na kumbi hizo nchini Kenya ziko mijini, nyingi zikiwa ndani ya majengo makubwa ya maduka, ambako bei ya tiketi na vitafunio ni hesabu nzito kwa mtu anayeishi kama Mwas. Walioketi kwenye viti wakaishangilia walikuwa kwa kiasi kikubwa watu wa tabaka la kati, wanaopita karibu na akina Mwas wakiwa wamefunga vioo vya gari. Akina Mwas wenyewe waliiona baadaye, kwa nakala za diski na katika vibanda vya video, kule kule ambako DJ Afro amewavuta watazamaji kwa kuzitafsiri na kuzisimulia filamu za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani. Ninaiheshimu filamu hii kuliko hadithi nyingi za Shujaaz, lakini kwa swali la nani alimfikia aliyemlenga, jarida linashinda.

Shujaaz ilitunukiwa tuzo za kimataifa za Emmy mwaka 2012 na 2014, na baadaye ikavuka mpaka kuingia Tanzania, ambako ilihitaji mhusika mwingine, DJ Tee, na lugha ya huko. Kuvuka huko kunanipa matumaini kuliko tuzo, kwa sababu kunathibitisha kwamba waandishi wenyewe walitambua kuwa Boyie hawezi kuhamishwa na Sheng yake yote akapokewa kama mwenyeji Dar es Salaam. Kama Tanzania ilistahili sauti yake, na sisi wa Mombasa, Kilifi na Lamu tunaistahili pia. Mwalimu au mzazi atakayeyapata matoleo ya zamani na ampe kijana bila maelezo, aanze na lile la vifaranga.