Adapta ya Wi-Fi ya elfu 25 imeniokoa, fundi aliniumiza

Nianze na fundi, maana mpaka leo roho inaniuma.

Nyumbani tumefunga intaneti ya faiba ya megabiti 100 kwa sekunde. Simu ya mwanangu inapaa, laptop yangu inakokota kwenye megabiti 9. Ni ya mtumba, imepita miaka kumi, lakini ndiyo ninayopakia matokeo ya wanafunzi wangu. Nikaibeba mpaka Kariakoo. Fundi hata kuiwasha hakuiwasha. Akasema kwa sauti, wateja wote wanasikia: "Mama, hii ipeleke makumbusho." Nilipong'ang'ania akanifungia RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, ya gigabaiti 4, akachukua 45,000 yangu, akaniapia intaneti itakimbia.

Haikukimbia. Niliporudi akanijibu, macho yakiwa kwenye simu: "Si nilikwambia?"

Aliyenisaidia ni kijana wa jirani, yuko chuo. Hakugusa bisibisi. Alichomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptop, akapima: 93. Nikamwambia pima tena. 94. Yaani hiyo mashine ya makumbusho ilikuwa inapokea karibu kila kitu ninacholipia! Ubovu ulikuwa kwenye kadi ya Wi-Fi iliyomo ndani. Inashika masafa ya mawimbi ya 2.4 GHz tu, na ghorofa letu zima limejazana humohumo, kila mlango na ruta yake.

Akanituma nikanunue adapta ndogo ya kuchomeka kwenye USB, inayoshika 5 GHz. Sasa nikikaa sebuleni napata 80 na kitu. Chumbani inashuka, kwa sababu 5 GHz ikikutana na kuta inachoka, na yenyewe adapta inapata joto ikitumika muda mrefu. Kwa hilo ningepunguza nyota moja. Hapana, sipunguzi. Matokeo yaliyokuwa yananikesha sasa napakia chai haijapoa.

Kuhusu RAM, nimpe fundi haki yake: nikifungua kurasa nyingi mashine haigandi kama zamani. Angeniambia ni ya kazi hiyo, ningemlipa kwa moyo mweupe, pengine ningemsifia hapa. Lakini aliniuzia kwa jina la intaneti, baada ya kunidhalilisha mbele za watu. Na waya wa mtandao ulikuwepo palepale mezani kwake, umening'inia hatua moja kutoka kwenye laptop yangu. Hakuuchomeka.