Uzoefu wangu: matairi mawili ya saiklokrosi na geji moja ya upepo

Baada ya misimu kadhaa ya saiklokrosi, yaani mbio za baiskeli kwenye nyasi, tope na mchanga, aina za matairi nilizobaki nazo ni mbili tu: Challenge Grifo kwa siku nyingi, na Challenge Limus kwa siku za tope. Yote ni ya upana wa milimita 33, yote nimeyafunga tyubulesi, yaani bila tyubu ndani. Kitu cha tatu, ambacho ningemshauri mtu anunue kabla hata ya matairi yenyewe, ni geji ndogo ya kidijitali ya kupimia upepo. Watu hubishana sana kuhusu meno ya tairi, lakini kwa ninavyoona, anayejua kupanga upepo kwenye tairi la kawaida atamwacha mwenye kabati zima la matairi yaliyojazwa kwa kukisia.

Nina kilo 72. Kwenye nyasi kavu na udongo mgumu najaza psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 24 mbele na 26 nyuma, yaani takriban bar 1.65 na 1.8. Nyasi zikilowa nashuka hadi 22 na 24. Tope likizidi, 20 na 22. Namba hizo ni za uzito wangu, rimu zangu na matairi yangu. Mwenye kilo 60 aanzie chini zaidi, mwenye 85 apande. Tairi la nyuma linabeba uzito mwingi kuliko la mbele, kwa hiyo halipewi upepo sawa na la mbele hata siku moja.

Aliyezoea baiskeli za lami akisikia psi 22 anadhani ulimi umeteleza. Lakini tazama kinachotokea kwenye uwanja wenye vishimo na mizizi: tairi gumu linadundadunda, na kila linaporuka halishiki ardhi. Nguvu ambayo ingekusogeza mbele inaishia kukurusha juu, wewe na kiti chako. Tairi laini linakilalia kijiwe na kupita. Kwenye kona linatandaza sehemu kubwa zaidi chini, na meno ya pembeni yanaanza kushika mapema. Faida kubwa kuliko zote iko pale njia inapokata mteremko kwa ubavu, magurudumu yakitaka kuteleza kuelekea bondeni. Hapo psi 2 peke yake zinatosha kuamua kama unapita ukiwa umekaa juu ya baiskeli au unaikokota.

Kiasi hasa cha kushusha nakipata kwa sikio na mikono. Nazunguka njia kwa mwendo wa mashindano, si wa matembezi. Rimu ikigonga mzizi mara moja kwa mzunguko, pale pabaya kuliko pote, najua nimefika. Ikigonga kila mahali naongeza. Isipogonga popote nabonyeza valvu kidogo na kurudia. Kuna dalili nyingine ambayo hufika mapema kwenye udongo mgumu: ukiingia kona kwa kasi, tairi la mbele linayumba kana kwamba linataka kujikunja chini ya rimu. Huo ndio mpaka wa chini, hata kama rimu haijagonga kitu.

Sasa geji. Pampu nyingi za kusimama zina saa inayofika psi 160, na eneo la 20 hadi 26 limebanwa kwenye kijisehemu kidogo cha mwanzo ambako mshale haueleweki. Yangu na ya mwenzangu zilitofautiana kwa psi 4 kwenye tairi lile lile, na psi 4 katika mchezo huu ni umbali wa kutoka nyasi kavu hadi tope. Geji ya kidijitali inasoma kwa sehemu ndogo za psi na ina kitufe cha kupunguza upepo huku ukiona namba. Hata kama haisemi kweli tupu, inasema vilevile kila siku, na mimi hilo ndilo ninalolihitaji. Pimia nje, dakika chache kabla ya kuanza, si sebuleni. Tairi lililojazwa psi 22 kwenye nyuzi joto 20, likitolewa nje kwenye nyuzi 5, linashuka hadi karibu psi 20 bila upepo wowote kuvuja. Asubuhi za baridi wengi wanalaumu valvu bure.

Ukitumia tyubu, sahau namba zangu. Chini ya psi 30 hivi, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili, na mchezo umeishia hapo. Tyubulesi inaondoa pancha hiyo, ingawa ukishusha mno ukingo wa tairi unaachia rimu kwa kufumba na kufumbua kwenye kona, upepo unatoka pwaa, na maji ya kuziba, yale yanayowekwa ndani ya tairi kuziba matundu, yanaruka hadi kwenye miguu. Wanaotaka kushuka chini kabisa bado wanatumia tyubula, matairi yanayogandishwa kwa gundi kwenye rimu, kwa sababu yenyewe hayana ukingo wa kuachia. Mimi sina subira ya kupaka gundi tabaka kwa tabaka na kusubiri ikauke. Anayelipwa kushindana, na ana fundi, afanye hivyo.

Grifo ni tairi la kati kwa kati. Katikati lina meno mafupi yaliyopangwa kwa umbo la mshale, pembeni yana urefu wa kutosha kwa kona za nyasi. Kwenye lami kavu halivumi sana, kwenye udongo mkavu linakimbia, kwenye nyasi zilizolowa bado lina adabu. Kinachonifanya nilipende hasa ni mwili wake: haya yanayotengenezwa kwa mkono yana kama nyuzi 300 za kitambaa kwa inchi, wakati matairi ya kawaida yana 60 hadi 120, kwa hiyo yanajikunja kirahisi hata kabla hujapunguza upepo. Huja bapa, hayajafinyangwa umbo la rimu, na kuyavalisha kunataka vidole. Nililifunga kwanza kwa tyubu, nikalijaza, nikaliacha usiku kucha. Kesho yake lilikuwa limeshika umbo na tyubulesi ikakubali kwa pampu ya kawaida.

Linaposhindwa ni kwenye tope la kunata. Nafasi kati ya meno ni ndogo, zinajaa, na baada ya muda unaendesha tairi kipara la udongo. Hapo ndipo Limus inapostahili bei yake: meno marefu yaliyoachana mbali, tope linatupwa kila gurudumu linapozunguka, na upepo mdogo unasaidia kwa sababu tairi linalojikunja linajikung'uta. Lakini usiliache kwenye baiskeli wiki nzima. Kwenye ardhi ngumu meno hayo marefu yanapinda ukilala kona, na unahisi baiskeli inafikiri kidogo kabla ya kukusikiliza.

Kwenye mchanga sina mengi. Meno hayasaidii sana. Tairi lenye vipele vidogo tu na upepo mdogo kabisa linaelea vizuri zaidi. Hata hivyo, mashindano ya dunia ya 2012 kwenye vilima vya mchanga vya Koksijde, Ubelgiji, nafasi 7 za kwanza za wanaume zilichukuliwa na Wabelgiji, na sidhani siri ilikuwa kwenye tairi.

Kuhusu upana: UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, inakomea milimita 33, na waamuzi wana kifaa cha kupimia. Angalia kwamba tairi lililoandikwa 33 likifungwa kwenye rimu pana ya kisasa linaweza kupita 34, kwa hiyo pima likiwa limejazwa. Mashindano mengi ya ridhaa hayajali, na kwa mazoezi 35 au 38 ni raha tupu, mradi fremu na uma wa mbele vibaki na nafasi. Tope likianza kuganda kati ya tairi na fremu, upana wote ule unageuka breki.

Kwa matunzo: ukuta wa matairi haya ni mwembamba, usiyalenge mawe makali. Yaoshe kwa maji ya kawaida, si ya kasi, na uyakaushe kabla ya kuyahifadhi. Maji ya kuziba yanakauka ndani ya miezi michache. Mililita 40 hadi 60 kwa kila tairi zinatosha. Na ukibadilisha rimu au aina ya tairi, anza kupima upya, kwa sababu namba zako za zamani hazihami pamoja nawe.