Siku nne bila honi: uzoefu wangu kwenye njia ya mfereji wa Nantes–Brest

Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga baiskeli si jambo la kushangaza. Mama anapanda na baibui lake kwenda sokoni, hakuna anayegeuka. Nilijifunzia kwenye Phoenix ya baba, mguu nimeupenyeza chini ya bomba kwa sababu siti sikuifikia, na baadaye nikaendesha sana barabara ya Horohoro, ile inayopitisha malori ya Mombasa. Mtu aliyekulia hapo huota sikio la kisogoni. Unasikia mlio unajua hii fuso, hii basi, hii bodaboda tu, na kama ni basi unashuka majanini kabla hujapigiwa honi.

Natangulia kusema hivyo kwa sababu ninachokisifia hapa kimsingi ni njia isiyo na magari, na saa za mwanzo za siku ya kwanza sikuweza kuifaidi. Nilikuwa najipanga pembeni, nageuka nyuma, naona njia tupu na bata wawili.

Nakaa Rennes, mji wa magharibi mwa Ufaransa. Juni nilipata siku nne za likizo, nikakodi baiskeli ya changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama wa mashindano lakini mipira minene. Yangu ilikuwa na mipira ya milimita 40. Nikapanda treni hadi Guingamp, nikabadilisha hadi treni ndogo ya mkoa inayoishia Carhaix, katikati ya mkoa wa Bretagne. Kutoka hapo nikafuata mfereji kuelekea mashariki hadi Nantes. Saa yangu ilisoma kilomita 284. Wengi huanzia Nantes, lakini upepo wa pande hizi kwa kawaida unatoka baharini, magharibi. Mimi sikuona sababu ya kushindana nao kwa siku nne.

Mfereji wenyewe una urefu wa kilomita 364 na malango ya maji 238, yaani milango ya kupandishia na kushushia mashua. Napoleon aliamuru uchimbwe mwaka 1811 kwa sababu meli za Waingereza zilikuwa zikiiziba bandari ya Brest, akataka mizigo ya jeshi ifike kwa kupitia ndani ya nchi. Ulipokamilika mwaka 1842, Napoleon alishakufa na vita vile vilishasahaulika. Lakini mashua zilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni, na farasi au na watu, hivyo kando ya maji ikabaki njia pana na tambarare. Ndiyo hiyo tunayoendesha leo. Sehemu kubwa imewekwa chini ya utaratibu unaoitwa voie verte, yaani njia ya kijani: ni ya waenda kwa miguu, baiskeli na farasi, chombo cha moto hakiruhusiwi. Pale inapokatana na barabara kuna vizuizi vya mbao au chuma vya kuzuia pikipiki. Kama umefunga mikoba pande zote mbili, utapita kwa kukwaruza kidogo. Mwenye kuvuta kigari cha mtoto atashuka na kutoa jasho.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni cha Glomel, masaa machache tu baada ya Carhaix. Hapo mfereji ulilazimika kuvuka mgongo wa kilima, mita 184 juu ya usawa wa bahari, na hawakuwa na njia ila kukikata. Waliokikata ni wafungwa walioletwa kutoka gereza la kazi ngumu la Brest, kati ya 1823 na 1832, kwa sururu na toroli. Bonde walilolichimba lina zaidi ya kilomita tatu. Leo miti imefunga juu, maji ni meusi na yametulia, na jua linaingia kwa vipande vipande. Nilikuwa peke yangu kabisa. Changarawe chini ya mpira ilikuwa na sauti kama ya mtu anayetafuna bisi, na hiyo ndiyo sauti pekee niliyoisikia kwa nusu saa. Nikasimama nikala mkate wangu nikiangalia kingo zile zilivyo ndefu, nikiwaza mikono iliyozishusha. Nadhani hapo ndipo sikio la kisogoni lilipoanza kulala.

Nililala Gouarec. Asubuhi ya pili nikapita abasia ya Bon-Repos, gofu zuri la mawe la nyumba ya watawa iliyoanzishwa karne ya 12, halafu mfereji ukapotea. Haukukauka. Ulizamishwa na bwawa la umeme la Guerlédan, lililojengwa miaka ya 1920, na malango 17 yako chini ya ziwa. Mwaka 2015 walilimwaga ziwa lote kukagua bwawa, watu wakaja kwa maelfu kutazama mfereji uliofufuka kwenye matope. Mwendesha baiskeli hapo anahamia kwenye tuta la reli ya zamani, msituni juu ya ziwa, mpaka Mûr-de-Bretagne. Mwinuko wa reli ni wa taratibu, mapafu hayalalamiki.

Sasa nije kwenye malalamiko, maana yapo.

La kwanza ni siti, na hapa kosa ni langu kwa kukubali ile niliyopewa dukani. Watu huogopa milima, lakini njia tambarare ina adhabu yake ambayo hakuna aliyeniambia. Hakuna mteremko. Nyumbani ukishapanda kilima, unashuka umesimama kwenye pedeli, upepo unaingia kwenye shati, makalio yanapumua. Kwenye mfereji unapiga pedeli kilomita 85 mfululizo, umekaa vilevile. Kutoka Rohan hadi Redon, siku ya tatu, nilikuwa nasimamia pedeli kila baada ya dakika kumi bila sababu yoyote inayoonekana. Mzee mmoja aliyekuwa akivua samaki alicheka, akaniuliza kama nimeona nyigu.

La pili ni mvua. Njia imesakafiwa kwa mchanga ulioshindiliwa, na ukiwa mkavu ni kama kapeti. Siku ya pili jioni, kati ya Pontivy na Rohan, ilinyesha kama masika yamenifuata. Mchanga ule ukageuka uji. Uji ukaingia kwenye cheni, kwenye gia, kwenye breki. Kwa bahati mbaya breki za baiskeli yangu zilikuwa zimeshaliwa tangu dukani. Niliporudi nikawaonyesha, wakasema ni matumizi ya kawaida. Sawa. Ninachomshauri atakayekodi ni hiki: kagua breki kabla hujalipa, beba chupa ndogo ya mafuta ya cheni na kitambaa, na omba waifungie vikinga tope juu ya magurudumu hata kama watakwambia baiskeli za aina hii hazivai hayo. Mgongo wangu ulikuwa na mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kwenye kofia.

Hata hivyo kipande hicho cha mvua usikiruke. Kuna malango zaidi ya 50 katika umbali wa kama kilomita 24, yamepangwa kama ngazi, na karibu kila lango lina nyumba ndogo ya mawe ya mlinzi wake na maua mlangoni.

La tatu ni chakula. Vijiji vya Bretagne vinafunga. Saa sita mchana hadi saa nane duka limefungwa, Jumatatu mwoka mikate amepumzika, Jumapili mchana usijaribu hata kugonga. Nilibeba tende na karanga, vikaniokoa mara mbili. Ukipata mkahawa ulio wazi, agiza galette, chapati nyembamba ya ngano nyeusi, ila kwa sisi tusiokula nguruwe sema mapema: ile wanayoiita complète inakuja na hemu ndani. Nilikula ya yai na jibini siku nne mfululizo na sikuichoka.

Maji je? Hapa wenyeji walinifundisha ujanja: nenda makaburini. Makaburi mengi ya Ufaransa yana bomba kwa ajili ya wanaomwagilia maua, na kama hakuna kibao kinachokataza kunywa, waendesha baiskeli wanajaza chupa hapo. Nikajaza. Jioni nikafanya kosa la kumsimulia mama kwenye simu.

“Maji ya makaburini?” Kimya kirefu. “Mwanangu, huko Ulaya mmekosa nini?”

Siku ya tatu, isiyo na mvua, ndiyo siku ambayo ningempa mtu yeyote, hata asiyeendesha mara kwa mara. Josselin inakutokea ghafla: ngome ya ukoo wa Rohan, minara mitatu inaingia karibu majini, na wewe unapita chini yake na baiskeli yako yenye matope. Malestroit ni mji wa kunywa kahawa. Kabla ya Redon kuna mahali miamba inasimama kando ya mto Oust na korongo wanasimama chini yake kana kwamba wamelipwa. Niliona pia panya mkubwa wa majini, Wafaransa wanamwita ragondin, mkubwa kama paka aliyeshiba. Nilipiga breki. Breki hazikushika. Yeye ndiye aliyeniachia njia.

Siku ya nne, Redon hadi Nantes, karibu kilomita 95, siwezi kuisifia sana. Kipande cha Blain ni kizuri lakini kimenyooka mno. Unaona mti, unaendesha, mti uko palepale. Na mbele ya Nort-sur-Erdre mfereji unaingia mtoni, njia inakuondoa majini, na unachangia barabara na magari hadi ukaribie mjini. Alama zipo za kutosha, sikupotea. Lakini gari la kwanza lililonipita pale, dogo tu, dereva akaniachia nafasi ya kutosha kabisa, lilinikuta katikati ya njia nikiyumbayumba naimba. Nilishtuka nusura niingie mtaroni. Siku nne tu, na sikio nililolifuga miaka kumi na mitano lilikuwa limeshakufa ganzi.

Kukodi kulinigharimu kama yuro 120, malazi nililala nyumba za wasafiri na chumba kimoja cha mama mmoja Rohan aliyenikaushia viatu kwa magazeti. Bado sijafanya upande wa pili, kutoka Carhaix kushuka magharibi hadi Châteaulin. Nimepanga Septemba. Siti nitabeba ya kwangu.