Steki nzuri, ila mashine ya kusagia hapana

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za steki.

Natengeneza sambusa za oda hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nyama ya kusaga nainunua karibu kila siku. Bucha hili jipya la mtaani kwetu lilinivuta kama lilivyowavuta wengine: marumaru nyeupe ukutani, friji la kioo, vijana wamevaa makoti meupe na kofia. Nzi humwoni. Mhuri wa mkaguzi unauona kwenye paja lililoning'inia. Steki ni laini, mzani haupunji, wala hawakuchomekei mifupa ukigeuka kutafuta hela kwenye pochi.

Shida ni mashine ya kusagia.

Jumanne nilifika saa tisa alasiri, nikaagiza kilo mbili. Kijana akapokea hela, akarudisha chenji, na kwa mkono uleule akaisukumiza nyama kwenye mdomo wa mashine. Kilichotangulia kutoka kwenye matundu kilikuwa cha kijivu, ndipo ikafuata nyekundu yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu ifungue hiyo." Akacheka. "Mama, hii tunaosha jioni tukifunga." Nikang'ang'ana mpaka akaifungua. Nyuma ya kisu kulikuwa na mafuta yaliyoganda na nyuzi za nyama za tangu asubuhi. Harufu yake sina haja ya kumweleza mtu aliyewahi kukatikiwa umeme akiwa na nyama kwenye friji.

Mdogo wangu yuko maabara, ndiye aliyenifanya niwe mkorofi hivi. Anasema bakteria kama E. koli wakipata joto wanalolipenda hugawanyika kila dakika 20. Mmoja aliyebaki kwenye kisu saa mbili asubuhi, ikifika saa tisa wanaweza kuwa zaidi ya milioni mbili. Na steki huwa nao juujuu, moto wa kikaango unawafikia upesi. Ukisaga, wale wa juu umewachanganya hadi ndani, pamoja na wa nyama ya mteja aliyekutangulia.

Mtu ataniambia nyama ya sambusa si inachemshwa mpaka inakauka? Ndiyo, inaiva. Lakini vidole vyangu haviivi, ubao hauivi, na kachumbari inakatiwa jikoni humohumo.

Kesho yake nilimkuta mwenye duka. Mtu mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniahidi ataleta mashine ya pili. Mashine ya pili ya nini, baba? Mimi nimeomba hiyohiyo ifunguliwe saa saba mchana, iingie kwenye maji ya moto na sabuni.

Kwa sasa steki nachukua kwake, naenda kuisaga nyumbani kwa mashine yangu ya mkono. Bega linauma.