Yoast SEO ya bure: kwa tegi za kanoniko kwenye tovuti kubwa naipa tano zote

Wakuu habari za muda huu. Nahudumia tovuti ya duka moja hapa Kigoma, Mwanga, wanauza vitenge, mawese na dagaa, mzigo unaenda hadi Dar na Mwanza, na leo nataka niisifie Yoast SEO, plagini (programu ya kuongezea) ya tovuti za WordPress inayosaidia tovuti ionekane vizuri Google, kwa kazi moja tu, ya kuweka tegi za kanoniko yenyewe tovuti nzima. Zile taa zake za kijani na nyekundu za kukupa maksi za uandishi siziongelei hapa.

Tatizo lenyewe liko hivi. Mteja wa vitenge lazima achague rangi, apange kwa bei, aseme anataka waksi au java, na kila akibonyeza linki inaota mkia: /vitenge/?rangi=bluu, afu /vitenge/?rangi=bluu&orderby=price, na ukiishea Facebook nao wanabandika fbclid, alama yao ya kufuatilia, mwishoni. Vitenge ni vilevile ila kwa Google kila mkia ni anwani nyingine kabisa. Piga hesabu rangi 10 mara aina 3 mara mipangilio 4, tayari una anwani 120 za kategoria moja tu, bado dagaa, bado mawese. Roboti ya Google inazunguka humo inasoma kitu kilekile wakati mzigo mpya ulioingia juzi haijaufikia, na kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara kweli.

Tegi ya kanoniko ni kamstari kamoja tu kwenye head ya ukurasa (sehemu ya juu ya kodi, mteja haioni), rel="canonical", kanamwambia Google anwani rasmi ni hii, hizo nyingine nakala. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza pamoja Februari 2009. WordPress nayo huwa inaiweka yenyewe tangu toleo la 2.9, ila ni kwa posti na kurasa mojamoja tu, kurasa za kategoria inaziruka, na jamani vurugu yote ya duka iko kwenye kategoria! Hapo ndo Yoast inapokuja kunifurahisha, maana inaondoa ile ya WordPress inaweka yake, na inafika hadi kurasa za kategoria bila wewe kugusa bidhaa hata moja.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Fungua linki yenye mkia mrefu, bonyeza Ctrl+U uone kodi ya ukurasa, tafuta neno canonical, utakuta imeandikwa /vitenge/ safi, mkia wote umekatwa. Nenda ukurasa wa pili wa kategoria, utakuta /vitenge/page/2/, haikurudishi wa kwanza. Kuna watu wanadhani hilo ni kosa wanalazimisha zote zielekee ukurasa wa kwanza, hapana, vitenge vya ukurasa wa pili havimo kwenye wa kwanza kwahiyo sio nakala, iacheni ilivyo.

Kitu cha kuangalia sana ni themu, yaani kile kinachoipa tovuti sura yake. Kuna themu moja ya maduka ilikuwa inachapa kanoniko yake pembeni, ukifungua kodi unakuta mbili na kila moja inasema lake, na Google akikuta hivo kuna uwezekano mkubwa anazipuuza zote. Dawa ilikuwa kuzima SEO kwenye setingi za themu, basi.

Na kwenye robots.txt, lile faili la kuziambia roboti zisiingie wapi, msiwafungie Google hizo linki zenye mikia mkidhani mnasaidia, akizuiwa kuingia ataisomaje tegi iliyo ndani?

Sasa kitu ambacho hakuna plagini itakufanyia ni kujua ipi ni ipi. Kama mtu mmoja kaandika "Mawese lita 20" na mwenzake kaandika "Mafuta ya mawese dumu kubwa", bidhaa ileile, Yoast itaipa kila moja kanoniko yake yenyewe maana haiwezi kujua ni dumu lilelile. Hapo unaingia kwenye ile isiyo rasmi, chini kabisa sehemu ya Advanced, unabandika anwani ya ile rasmi. Afu Google hii tegi anaichukulia kama ushauri, sio amri, anaweza akachagua nyingine, kwahiyo ingia Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, ukague linki, itakuonyesha anwani uliyoitaja wewe na aliyoichagua yeye. Zikifanana lala usingizi. Na ukiona ripoti inasema kurasa fulani haziko kwenye indeksi (orodha ya kurasa Google alizohifadhi) kwa sababu ni nakala zenye kanoniko sahihi usipaniki, hiyo ndo kazi uliyoituma ifanye.

Kwa duka lenye WooCommerce (plagini ya kuuzia bidhaa kwenye WordPress) na bidhaa nyingi mimi nashauri iwekeni mapema kabla mikia haijajaa. Na hii ya bure inatosha kwa kazi hii, Premium inakupa mengine kama kuelekeza linki zilizokufa, ila tegi za kanoniko ni hizihizi.